Mgeni wa Saratani Anahitaji Mwenyeji

"Dada, hebu nisomee hapa. Hii Ca ni nini?"

Aliyeuliza ni mama wa miaka arobaini hivi, amekaa kando yangu kwenye benchi la mbao nje ya chumba cha daktari wa saratani. Ilikuwa saa moja na nusu asubuhi. Kadi yake ya kliniki aliitunza ndani ya mfuko wa nailoni. Alikuwa ameitoa nusu, kidole chake kikionyesha herufi mbili za kalamu ya bluu: C kubwa, a ndogo. Alikuwa amesafiri usiku kucha kwa basi pamoja na kaka yake. Wiki mbili kabla, majibu ya kinyama kilichopelekwa kupimwa yalipotoka kwenye hospitali ya mkoani kwao, daktari alimwita kaka ndani na kumwacha yeye nje. Kaka alipotoka alisema tu, "Wanataka tukamwone bingwa mjini." Hakuongeza neno. Sasa kaka alikuwa amepanga foleni kwenye dirisha la malipo, na dada mtu anauliza habari za mwili wake kwa mtu asiyemjua hata jina.

Benchi zima lilijua Ca ni nini. Hakuna aliyefungua mdomo. Mimi niliinamia mkoba wangu nikajifanya natafuta kitu, na mpaka leo nikikumbuka naona haya. Aliyemjibu ni mama mtu mzima aliyejifunga kilemba cha kijani, aliyekuwa mwisho wa benchi akimenya chungwa. Aliomba apishwe, akasogea, akakaa karibu naye. "Ni saratani, mwanangu," akamwambia kwa sauti ya kawaida kabisa. "Ya ziwa. Hata mimi ninayo hiyohiyo. Nilikatwa mwaka juzi, ndiyo maana upande huu uko hivi." Yule mama akaanza kutetemeka magoti. Mama wa kilemba akamwekea nusu ya chungwa kiganjani, akamfumba vidole. "Umekunywa chai?"

Waswahili tuna neno la mtu wa namna hiyo: mwenyeji. Ukifika mji usioujua, swali la kwanza unaloulizwa ni, "Mwenyeji wako nani?" Mwenyeji ndiye anayejua daladala ipi inakwenda wapi, ofisi ipi inafunga saa ngapi, mtaa upi usiupite usiku. Si lazima akulishe wala akulaze. Kazi yake ni kukutoa ugeni. Kwa miezi kumi na minne niliyomsindikiza dada yangu kwenye matibabu ya saratani ya titi, nimeona wanawake wengi wakiumizwa na kitu kisichoonekana kwenye kipimo chochote, nacho ni kuingia katika mji huo bila mwenyeji. Nasema, bila kung'ata maneno, kwamba kila kliniki ya saratani katika nchi hii imwajiri mwenyeji wake, mwanamke aliyepita njia hiyo mwenyewe, imlipe mshahara na impe kiti chake pale mlangoni.

Dada yangu aliwahi. Naanza na hilo kwa sababu kila Oktoba tunavaa utepe wa waridi, tunatembea barabarani asubuhi na fulana zetu, na wito ni uleule: jichunguzeni, wahini hospitali. Ni wito wa kweli. Tathmini ya huduma za afya ya matiti iliyofanyika Tanzania mwaka 2017 ilionyesha kuwa takribani asilimia 80 ya wanawake hugunduliwa wakiwa wameshafika hatua ya tatu au ya nne, wakati ambapo tiba ni ndefu, ghali, na matumaini ya kupona yamepungua sana. Lakini wito huo unazungumza na mwanamke ambaye bado hajaumwa. Akishaumwa, maneno yaleyale yanamgeuka yanakuwa shutuma: kwa nini ulichelewa?

Dada aligusa uvimbe mdogo kama punje ya harage wakati anaoga. Ndani ya wiki tatu alikuwa zahanati. Akaambiwa ni maziwa yaliyoganda, ilhali mtoto wake wa mwisho yuko darasa la nne. Akapewa antibayotiki. Kituo cha pili wakambadilishia antibayotiki na kumwongezea dawa ya maumivu. Cha tatu wakamwambia asubiri hedhi ipite halafu arudi. Miezi tisa ilikatika kabla mtu hajachoma sindano na kutoa kinyama kwenda kupimwa. Vituo hivyo sivitaji, maana habari hiyohiyo nimeisimuliwa kwenye benchi na wanawake wa Kusini, wa Kanda ya Ziwa na wa Pwani, kwa maneno yaleyale: maziwa yaliyoganda.

Shirika la Afya Duniani lilipoanzisha mpango wake wa saratani ya matiti mwaka 2021 liliweka malengo matatu. Angalau asilimia 60 ya wagonjwa wagundulike katika hatua ya kwanza au ya pili. Uchunguzi ukamilike ndani ya siku 60 tangu mgonjwa afike kwenye huduma mara ya kwanza. Angalau asilimia 80 wamalize matibabu yao. Katika kampeni zetu tunalisikia lengo la kwanza peke yake, lile linalomtaka mwanamke aamke aende. Siku 60 si zake. Ni za zahanati, za gari la vipimo, za maabara, za mtu wa kupiga simu kusema majibu yametoka. Dada yangu alitumia karibu siku 270, na hakuna aliyemwomba radhi. Aliyeombwa maelezo ni yeye.

Ukitaka kujua wagonjwa wanahitaji nini, kaa nao uwasikilize wanavyoulizana. Sikuwahi kumsikia mwanamke anamuuliza mwenzake saratani inasababishwa na nini. Wanaulizana mambo ya kuishi. Unalala wapi? Nywele zilianza kutoka lini? Watoto uliwaambiaje? Mdomo ukichubuka unakula nini? (Maji ya uvuguvugu yenye chumvi, unasukutua mara kwa mara, uji upoe kwanza.) Bosi wako anajua? Unamlipa nani ili faili lisipotee? Hilo la mwisho liliniuma, maana faili halipaswi kulipiwa, na mgeni hawezi kujua kwamba halipaswi.

Siku ya kemo, salamu ya benchi ni moja: "Damu imepanda?" Kabla ya kila raundi mgonjwa hupimwa damu, na ikiwa chembe nyeupe ziko chini, dripu inaahirishwa, mara nyingi kwa wiki nzima. Kwa daktari huo ni uamuzi mzuri wa kumlinda mgonjwa asipatwe na maambukizi. Kwa mwanamke aliyetoka wilayani ni siku saba zaidi kwenye sebule ya jamaa aliyemkaribisha kwa siku tatu. Basi wanawake wanapambana kuipandisha. Wanakunywa juisi ya rozela, wanakunywa bitiruti, wanatafuta maini, na wengine wanakopa ili wanunue. Ni vyakula vizuri, na maini yana msaada wake kwa mtu aliyepungukiwa madini ya chuma. Ila kilichoshuka mara nyingi si damu nyekundu. Ni zile chembe nyeupe, askari wa mwili, zinazotengenezwa ndani ya mifupa, ambazo dawa imezipiga, na ambazo hurudi zenyewe mwili ukipewa siku. Bitiruti haiziharakishi.

Sikuyajua hayo. Dada alipoahirishwa mara ya pili, alikaa kwenye ngazi za hospitali akalia. Nilidhani analia kwa sababu ya nauli. Kumbe alikuwa anajilaumu. "Ile rozela ya jana sikuimaliza," aliniambia. "Ilinitia kichefuchefu nikaimwaga." Miezi mingapi mtu anaweza kubeba lawama ya namna hiyo, kwa kosa ambalo hakulitenda, kwa kukosa maelezo ya dakika tatu?

Na hizo dakika tatu daktari hana. Nimewaona madaktari wa saratani wakifanya kazi mpaka jioni bila kula, foleni imefika ukutani, kila mmoja na bahasha yake ya picha. Siwalaumu wao. Daktari anasoma majibu, anapanga dawa, anatazama moyo na ini. Habari za rozela haziwezi kumfikia kwa sababu hakuna mgonjwa atakayethubutu kumpotezea muda kwa swali kama hilo. Wala la mstafeli. Majani ya mstafeli yanachemshwa na kunywewa na nusu ya wanawake niliowafahamu pale, na ukiwauliza kama wamemwambia daktari wanacheka kwa woga: "Atanifokea." Basi wanaulizana wao kwa wao kama mstafeli unagombana na kemo, na kila mmoja ana jibu lake.

Malazi yangehitaji makala peke yake. Mionzi ni ya kila siku, Jumatatu hadi Ijumaa, wiki tatu na wakati mwingine zaidi, na mashine ziko katika miji michache sana. Mionzi yenyewe ni ya dakika chache tu kitandani, ila siku nzima imekwenda, na kesho tena. Mwaka 2020 watafiti wa Uingereza walichapisha matokeo ya kulinganisha mionzi ya mara 15 katika wiki tatu na mionzi ya mara 5 katika wiki moja, kwa wagonjwa waliogundulika mapema na kufanyiwa upasuaji. Baada ya kuwafuatilia miaka mitano wakakuta ile ya wiki moja haikuzidiwa katika kuzuia ugonjwa kurudi palepale. Haimfai kila mgonjwa, na wengi wetu tunafika ugonjwa umeshasonga. Lakini yule anayefaa, akipewa wiki moja badala ya tatu, amerudishiwa wiki mbili za nauli, za kibarua na za watoto walioachwa kwa jirani. Katika nchi yetu utafiti wa kufupisha mionzi ni habari ya mfukoni kabla haujawa habari ya mashine.

Nije kwenye mkono. Dada ana genge la chakula. Alipokuwa anaruhusiwa baada ya upasuaji, nesi alimwambia sentensi moja: "Mkono huu usibebe tena kitu kizito." Tukaondoka na hiyo sentensi kama hukumu. Kizito ni kilo ngapi? Sufuria la maharage ni zito? Kusonga ugali wa watu thelathini, mwiko ukiwa unavuta bega, ni kubeba? Ndoo ya lita ishirini je, na maji ya bomba yanatoka mara mbili kwa wiki? Na "tena" maana yake mpaka lini? Alikaa miezi minne bila kugusa mwiko, genge likaendeshwa na binti wa jirani, faida ikaishia njiani.

Sababu ya onyo hilo ni ya kweli. Tezi za kwapani zikiondolewa au zikipigwa mionzi, maji ya mwili yanakosa njia ya kupita na mkono unaweza kuvimba, pengine miezi au hata miaka baadaye, na uvimbe huo ukishaanza ni mgumu kuuondoa. Lakini kumkataza mwanamke kazi maisha yake yote si sahihi. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2009 uliwafuata wanawake ambao mikono yao ilikuwa imeshavimba, wakafundishwa kunyanyua vyuma, wakianza na uzito mdogo na kuongeza taratibu chini ya mwalimu. Mikono yao haikuvimba zaidi kuliko ya wale ambao hawakunyanyua, na vipindi vya uvimbe kuzidi vilipungua. Yule mama wa kilemba hakuwa amesoma utafiti wowote, lakini alimwambia dada kitu kilekile kwa lugha ya jikoni: "Anza na kibaba. Ukiona wiki imepita mkono umetulia, weka viwili. Pete vua kidole hicho. Ukijikata na kisu usidharau." Dada alirudi gengeni kwa kibaba. Sasa anasonga ugali wa watu kumi na tano, wa pili anamwachia binti.

Kuna siku nyingine benchi lilikuwa na watu wachache, mvua inanyesha, na mama wa kilemba akatoa kwenye mkoba wake kitu kama mto mdogo wa mviringo, kimeshonwa kwa kitambaa cha khanga kilichofuliwa mpaka kikalainika. Akampa dada akishike. Kilikuwa na uzito kuliko kilivyoonekana, nacho kilitoa sauti ndogo ya kuchuruzika. "Ulezi," alisema. Pamba, alieleza, ni nyepesi mno. Sidiria inapanda upande mmoja, bega linainuka kuifuata, na baada ya miezi mgongo unauma. Mchele unachoma ngozi. Ulezi unakaa kama nyama, unafuata mwili unapoinama. Ushone maganda mawili, la ndani la kitambaa kigumu lenye ulezi, la nje laini la kufua. Usifue na ulezi ndani, utaota. Ukiwa na jasho, utoe jioni uuanike. Ukishona kingine, kipime na cha kwanza kwenye mizani ya dukani, viwe sawa.

Dada alikigeuzageuza kile kifuko mikononi muda mrefu. Tangu alipokatwa alikuwa anatembea na mtandio umeteremshwa mbele hata kwenye joto la adhuhuri, na alikuwa ameacha kwenda kwenye vikao vya ukoo. Hakuna mtu hospitalini, tangu siku aliyosaini karatasi ya upasuaji, aliyewahi kumtajia kwamba kuna kitu cha kuweka pale. Maziwa ya bandia ya silikoni yapo, lakini kwa mwanamke wa kawaida bei yake haifikiki. Jirani zetu Kenya wameonyesha njia. Huko Thika kuna fundi cherehani aliyeugua saratani mwenyewe, ambaye anafuma maziwa ya nyuzi za sufu na kuwafundisha wagonjwa wenzake kufuma. Ni kazi ya mkono na uzi, na mwanamke anarudi kuvaa nguo zake. Nasema hili lihesabiwe kuwa sehemu ya matibabu, kama bandeji inavyohesabiwa.

Yapo yanayoulizwa kwa sauti ya chini zaidi. "Mumeo ameliona kovu?" Mama wa kilemba alisema yeye alimwonyesha mumewe siku ya tatu baada ya kurudi nyumbani, taa ikiwaka, "asije akalikuta gizani." Wengine walikuwa na mwaka mzima wanavulia nguo msalani. Mmoja aliachwa, akapelekewa taarifa kupitia wifi yake. Na alikuwapo binti wa miaka ishirini na tisa, hajaolewa, ambaye baada ya raundi ya nne hedhi yake ilikatika. Aliuliza kama itarudi. Hakuna kwenye benchi aliyejua, kwa sababu wote waliobaki walikuwa wameshazaa. Hakuna aliyemwambia kabla ya dripu ya kwanza kwamba dawa hizi zinaweza kuzima mayai, tena wakati mwingine moja kwa moja. Hakuna pia aliyemwambia kwamba kukosa hedhi si kinga, kwamba mimba inaweza kuingia hata hivyo, na kwamba haifai kuingia wakati anameza tamoksifeni. Barani Afrika wanawake wanaugua saratani hii wakiwa vijana zaidi, kwa wastani kama miaka kumi chini ya wenzao wa Ulaya. Kwa hiyo swali la uzazi kwetu liko katikati kabisa ya ugonjwa, na kulinyamazia ni kumfanyia binti wa watu uamuzi bila yeye kujua kwamba umefanyika. Wale waliokwisha kuzaa nao wana lao. Inakadiriwa kwamba mwaka 2020 peke yake watoto wapatao milioni moja duniani walifiwa na mama kwa saratani, na karibu robo ya watoto hao mama zao walikufa kwa saratani ya matiti. "Watoto uliwaambiaje?" linaulizwa kwenye benchi kila kliniki. Sijawahi kulisikia likiulizwa ndani ya chumba cha daktari.

Mtu anaweza kusema, basi benchi linatosha, wanawake wanasaidiana. Hapana. Benchi hukosea, na likikosea watu wanakufa. Nilimsikia mwanamke mwenye huruma kabisa akimwambia mwenzake aache tamoksifeni kwa sababu "mionzi imeshamaliza kila kitu." Dawa hiyo, kwa wenye saratani inayolishwa na homoni, humezwa kila siku kwa miaka mitano au zaidi. Ni kidonge cha bei nafuu kuliko karibu dawa zote za saratani, na hupunguza sana uwezekano wa ugonjwa kurudi. Aliyeambiwa aliacha. Nilimsikia mwingine akiapa kwamba kinyama kikiguswa na sindano saratani inasambaa, na mgonjwa mpya akaondoka siku hiyohiyo bila kupimwa. Tena benchi halina zamu. Siku mwenye majibu mazuri asipokuja, mgeni wa siku hiyo anapata majibu ya yeyote aliyekaa karibu.

Wazo la mwenyeji si langu, wala si geni. Mwaka 1952 mwanamke mmoja wa New York, Terese Lasser, alikatwa ziwa, na akashangaa kwamba hakuna aliyekuwa tayari kumweleza anyooshe vipi mkono, avae nini, amwambie nini mumewe. Akaanza kuwatembelea wagonjwa wapya wodini akiwa na mpira mdogo, kamba ya kufanyia mazoezi ya mkono, na ziwa la kitambaa la kuanzia. Baadhi ya madaktari wa upasuaji walimkataza asiingie. Hakuacha, na mwaka 1969 shirika kubwa la saratani la nchi hiyo likaichukua kazi hiyo kuwa mpango wake rasmi.

Mfano unaonigusa zaidi ni wa Harlem, katika jiji hilohilo, kwa sababu Harlem ya wakati ule ilifanana na sisi: watu maskini, wengi bila bima, wanafika ugonjwa umeshaiva. Daktari wa upasuaji Harold Freeman aliwatazama wanawake waliotibiwa saratani ya matiti katika hospitali yake kati ya mwaka 1964 na 1986. Waliokuwa hai baada ya miaka mitano walikuwa asilimia 39. Mwaka 1990 akaweka watu wa mtaani pale hospitalini ambao kazi yao ilikuwa kumshika mgonjwa mkono tangu siku uvimbe unapoonekana: kufuatilia majibu, kujaza fomu, kumtafutia usafiri, kumrudisha akipotea. Sambamba na hilo, uchunguzi wa matiti ukawa wa bure au wa bei ndogo. Wanawake waliotibiwa kati ya mwaka 1995 na 2000 walifikisha asilimia 70. Uchunguzi wa bei ndogo ulichangia, na Freeman mwenyewe hakuficha hilo, lakini watu wale walikuwa nusu ya dawa.

Na kwa nini tufike Harlem? Nenda kwenye kliniki yoyote ya VVU, ile tunayoiita CTC. Tanzania ilipoanza kutoa dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, tulielewa mapema kwamba mgeni hawezi kupokelewa na karatasi. Katika vituo vingi anayempokea ni mwelimishaji rika, mtu anayeishi na VVU, anayemeza dawa zilezile, anayejua namna ya kuzificha mkobani na namna ya kumwambia mwenza. Asipofika siku ya kliniki anapigiwa simu, na asiposhika, anafuatwa nyumbani. Tulifanya hivyo na tukaokoa watu wengi. Januari 2024 Serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii unaolenga kuwafikisha zaidi ya 137,000. Watu hao watapita nyumba kwa nyumba. Wafundishwe kwamba uvimbe kwa mwanamke asiyenyonyesha si maziwa yaliyoganda, na kila mmoja awe na namba ya simu ya mwenyeji wa kliniki ya saratani iliyo karibu naye. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023. Tunapobishana kitita chake kiwe na dawa zipi, mshahara wa mwenyeji nao uwekwe mezani. Tunazungumza juu ya meza, simu yenye vocha, mafunzo ya wiki kadhaa chini ya madaktari na wauguzi, na malipo ya mwisho wa mwezi. Malipo nayasisitiza. Tusimwombe mwanamke anayemeza dawa na mwenye watoto wa kulisha ajitolee miaka yote kwa kuwa ana moyo mzuri.

Mama wa kilemba cha kijani hakuwahi kulipwa. Alikuwa anakuja hata siku ambazo hazikuwa zake. Mara ya mwisho nilipomwona alikuwa anapumua kwa shida, amebeba machungwa.

Siku ile ya kwanza, kaka alirudi kutoka dirisha la malipo na risiti tatu mkononi, akamkuta dada yake analia, wanawake wanne wamemzunguka, maganda ya chungwa chini. Alijua palepale kilichotokea. Nilitegemea atafoka, atatuuliza nani ametupa ruhusa. Alikaa chini sakafuni, mgongo ukutani, mwanaume mkubwa mwenye shati la kazi, akazikunja zile risiti na kuzikunjua. Mama wa kilemba akamgeukia.

"Baba, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua, mama," alisema. "Njia nzima ndani ya basi nilikuwa natafuta pa kuanzia. Sikuona."

Akampa naye kipande cha chungwa, akamwambia aandike namba yake ya simu.